Vyeti Kumi na Vitatu

Orodha iliingia kwenye simu saa nne usiku,
umeme umerudi Newala kwa kudonoadonoa:
majina kumi na matatu, tuzo za Wakfu wa Likanga,
karatasi ngumu, ukingo wa dhahabu,
vyote viwe tayari Ijumaa, kabla mgeni rasmi hajafika.
Elfu mbili mia tano kwa kimoja. Nikasema sawa.
Sikuuliza watalipa lini. Misimu ya korosho imenifunza
kwamba sawa hutangulia, hela hufuata ikichechemea.

Nilipoyasoma nikaona nawajua karibu wote
kwa karatasi zao.

Kiongozi wa Jamii: Biasha Mnunduma.
Huyu aliniletea daftari la bomba la mtaa wetu,
kurasa zimelowa, akataka nakala tatu:
moja ya kamati, moja ya watu wa maji,
"na moja nikafiche ndani, maana watu husahau."
Ndoo kwa ndoo, hamsini kwa hamsini,
na mahali fulani mwezi wa Machi, kwa kalamu nyekundu,
ameandika: mwanangu mwenyewe, hajalipa.

Mwanafunzi: Eusebia Nampoto.
Alikuja na mitihani ya zamani ya hesabu
iliyokunjwa hadi nne ikafanana na tisa.
"Nitolee upande mmoja tu, kaka,
upande wa pili nitakokotolea."
Namdai elfu tatu na mia nne.
Ipo kwenye daftari langu, tarehe kwa tarehe,
siku ya mvua, siku ya msiba wa bibi yake,
siku mbili kabla ya mtihani, saa moja asubuhi.
Hakukuwa na mtu wa kupiga makofi saa hiyo,
nilikuwepo mimi na mashine inayokwama.

Msanii: Athanasi Kinyama.
Hapo nikaweka kikombe chini.
Kinyama! Mzee anayechonga kinyago cha midimu
mpaka mtoto anacheka, halafu anaacha kucheka,
halafu anamtafuta mama yake.
Ni Chinyama. Chi, ya huku juu kwetu,
iliyopanda mteremko toka bondeni
pamoja na ndoo, enzi maji yalipokuwa safari.
Karani fulani ameisafisha,
akidhani ni kigugumizi cha shamba.

Nikapiga simu. Dada wa wakfu ana sauti ya kiyoyozi:
"Orodha imeshasainiwa, kaka. Chapa kama ilivyo."

Nikachapa kama ilivyo.
Kisha nikachukua karatasi yangu, wino wangu,
nikachapa kama alivyo.
Nikavitazama viwili hivyo kwenye kaunta.
Cha kwanza nikakigeuza, nikapigia hesabu ya vocha.

Ijumaa, ukumbini, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa.
Mshereheshaji anasoma kwenye orodha:
"Athanasi Kinyama!"
Kicheko kidogo, nyuma, kwa vijana.
Mzee yupo safu ya tatu, mikono juu ya magoti,
anatazama mbele kama mtu anayesubiri basi la watu wengine.
"Kinyama! Hajafika?"
Jirani anamgusa kiwiko. Hasogei.
Mshereheshaji anainua cheti, anakisogeza karibu na macho,
midomo inajaribu kwanza bila sauti.
"Chi... Chinyama."

Aah, wakasema akina mama, wote kwa pamoja,
na mzee akainuka, taratibu,
akipangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi.

Nami nilikuwa mlangoni, sikukaribishwa kukaa.
Nikatoka kabla ya soda.

Jumatatu Eusebia akaja dukani na bahasha ya tuzo,
akahesabu elfu tatu na mia nne, sarafu za mwisho zina joto la kiganja.
Nilitaka kukataa. Nikamwona usoni, nikapokea.
Nikafungua daftari,
nikapiga mstari juu ya deni, mmoja, mwembamba,
ili tarehe zile chini yake
ziendelee kusomeka.

Wakfu bado hawajalipa.